Mkononi mwa Mwenyewe

Msimbu, Kisarawe
Jumapili, 8 Novemba 1953

Kwa Dada Mwanne,

Neno ninalokuandikia leo sijamwambia mtu. Mama hajui, baba hajui, na nilipopiga magoti kitubioni juma lililopita nilimtajia padri dhambi zangu ndogo ndogo zote, za uvivu na za kumjibu mama, hili nikaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi asichafue kanga. Linakuhusu wewe, na linamhusu Hemedi, dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu. Hemedi hakuitoa siri yako. Nasema hivyo kwa kuwa najua, si kwa kusikia kwa watu. Nitakueleza nilivyojua, ila nivumilie, maana unanifahamu nilivyo mwoga wa kusema. Hata shuleni nilikuwa nikiulizwa jibu ninalolijua, ulimi unanilala.

Sasa nirudi kwenye adabu niliyoiruka. Shikamoo dada. Hujambo? Mama yako hajambo, na wadogo zako je? Huko Mkuza vuli imeanza kunyesha, au bado mnaangalia mawingu kama sisi? Huku ni wazima. Mama ana kikohozi cha vumbi tu. Baba anakusalimu sana. Yaani, hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu hizi nimezitoa mimi kwa niaba yake, lakini angejua angekusalimu.

Nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama zile nilizokuwa nakuchorea kwa mkaa nyuma ya ungo jikoni kwenu, mpaka ukaweza kusoma jina lako, kisha mstari mzima. Tafadhali isome mwenyewe, pole pole, hata ikichukua siku mbili. Usimpe mtu akusomee. Maneno, muuza kuku, nimemwambia akutie wewe mkononi, na asipokukuta arudi nayo. Akaniuliza kama barua ina dhahabu ndani. Mbele utaona kwa nini nimemsumbua hivyo.

Huyo Maneno ndiye aliyetuletea habari zako tangu ulipokwenda kwa mama yako kungoja kujifungua. Alirudi kutoka huko kwenu Kibaha juzi, akasimama uani akimwonyesha mama kuku, akasema alikukuta kisimani umekaa chini kabla ndoo haijajaa, midomo imekuwa myeupe na miguu imevimba. Akasema mama yako anakubembeleza uende zahanati ya huko, nawe umekataa kabisa. Umesema ni heri ufie kwenye mkeka wa mama yako kuliko kuwapa tena watu wa zahanati tumbo lako wakalifanye mazungumzo ya kibarazani. Maneno alicheka alipokuwa akisema, unamjua, hata msibani hucheka. Mimi nilikuwa jikoni napepeta, na ungo ukanitoka. Mama akauliza kama nimeona nyoka.

Jana ikaja habari ya pili. Hemedi amehamishwa, anaondoka kesho, na anakopelekwa ni zahanati hiyo hiyo ya kwenu. Nililala na picha moja machoni: wewe umeshikwa na uchungu, mama yako amekushika mkono mpaka mlangoni, unamwona Hemedi ndani, unageuka. Ndiyo sababu naandika. Nikichelewa tena, sijui barua itamkuta nani.

Wewe uliiona kazi ile ya Bibi Daktari kutoka kwenye benchi la zahanati, mimi niliiona kutoka upande wa meza, kwa hiyo kuna mambo huenda huyajui. Bibi Daktari alipotoka Dar es Salaam hakuja na hospitali yake. Alikuja na sanduku na swali. Alitaka kujua kwa nini wajawazito wa pwani yetu wanaishiwa damu, na kama vidonge vya chuma vyatosha peke yake au lazima viende pamoja na dawa ya malaria. Mengine yote aliazima kwa Idara ya Afya. Chumba cha zahanati na mizani vilikuwa vya Serikali. Bwana afya ndiye aliyezunguka kwa majumbe kueleza habari, gari la Afya ndilo lililoleta vidonge kila Alhamisi, na Hemedi alipewa kazi ya kutoboa vidole juu ya kazi zake za vidonda na homa, bila kupunguziwa hata kidonda kimoja. Hata mimi niliazimwa. Masista waliulizwa kama wana msichana aliyemaliza shule, ajuaye Kiingereza, ambaye wanawake hawatamwonea haya. Wakanitaja mimi, nadhani kwa sababu sisemi sana. Baba alifurahi hadi akanipigia gauni pasi kwa mkono wake mwenyewe, akaliunguza ukosi.

Bibi Daktari alinieleza kwamba wanawake wengine watapewa vidonge vya namna moja, wengine vya namna mbili, kisha damu zao zitalinganishwa mpaka wajifungue. Jibu likipatikana, Serikali itajua vidonge gani vigawiwe kwenye zahanati zote za pwani. Wanawake wakikatiza njiani, hakuna jibu, na vitagawiwa vyovyote. Halafu akanipa masharti. Kila mwanamke aulizwe kama anataka, na akikataa atibiwe vile vile kama wengine. Linalosemwa chumbani libaki chumbani. Na vidonge, vile vya kwenye karatasi ya buluu, vitiwe mkononi mwa mwenyewe, si mwa mume, si mwa dada, si mwa mkwe. Nikatikisa kichwa. Niliona hilo la mwisho ndilo jepesi kuliko yote.

Siku uliyokuja wewe uliingia unachechemea, umefunga kitambaa mguuni, ukiwalalamikia wanawake wa kwenye benchi kwamba kidonda hakikulaza. Mlango ulipofungwa ukafungua kitambaa, na mguu mzima kama wa mtoto! Tulicheka wote, hata Bibi Daktari ambaye hajaelewa lolote. Kisha ukalia. Ukaniambia nimweleze kwamba mimba mbili zimekuharibikia. Ya kwanza ilitangazwa kabla haijatulia, kila mpita njia akakupa hongera, na ilipotoka hao hao wakaja kukupa pole. Baada ya ya pili, mkwe wako akaanza kumwambia mumeo Zahoro, wewe unasikia, kwamba shamba lisilotoa halitiwi jembe kila mwaka, mtu hutafuta lingine. Hii ya tatu uliapa hutamwambia mtu mpaka mtoto acheze tumboni, hata Zahoro, kwa kuwa Zahoro unampenda lakini hajui kumeza neno mbele ya mama yake. Yote hayo nilimtafsiria Bibi Daktari, na sauti haikunitetemeka. Niliona fahari, dada. Mara ya kwanza maishani niliona kinywa changu kina kazi.

Hemedi alikuwa pale pale. Alikutoboa kidole, akalidondosha tone kwenye kipande cha karatasi nyeupe, akalilinganisha na michirizi myekundu iliyopigwa kitabuni. Tone lako lilikuwa jepesi kama maji ya maua ya choya yaliyochemshwa mara ya pili. Akakwambia usiwe na wasiwasi, yeye mle ndani ni ukuta, na ukuta hauna mdomo. Ukamjibu kwamba ukuta wa zahanati una madirisha. Akacheka, akasema basi madirisha atayafunga. Na ulipokuja majuma yaliyofuata, kidonda chako cha uwongo kikikataa kupona, alikuonyesha karatasi yako jinsi ilivyozidi kuwa nyekundu. Alisema hii sasa ndiyo damu, ile ya kwanza alidhani umechovya kidole kwenye chai. Nakumbuka ulivyoishika ile karatasi.

Yaliyofuata unayajua kunizidi. Siku moja mkwe wako alikuita ndani akakwambia habari ya mimba yako anayo, wenye zahanati yao wamekwisha mwambia. Zahoro alinuna, kwamba wageni wamejua kabla yake yeye, baba wa mtoto. Ukapelekwa Kurui kwa mganga, ukafungwa hirizi, ukakatazwa kukanyaga zahanati. Ulikuja mara moja tu tena, wala hukujia vidonge. Ulikuja kwa Hemedi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikaa kibarazani kwa Zahoro jioni wakicheza bao na kunywa kahawa, na nani mwingine angekuwa?

Ulisimama katikati ya chumba, mlango wazi, ukamwambia kinywa chake ni chujio, kwamba ulimpa tumbo lako kwa amana naye akalimwaga kwenye kikombe cha kahawa. Akaapa kwa Mungu hakusema. Ukamwambia asimtaje Mungu kwa kinywa kilichotoboka. Bibi Daktari akanigeukia, akaniuliza anasema nini huyu mama. Nikamtafsiria. Chujio, amana, kikombe cha kahawa, kinywa kilichotoboka, nilivitafutia Kiingereza chake kimoja kimoja, na pale nilipokosa neno nikaeleza kwa mikono. Akamuuliza Hemedi, akajibu. Akaniambia nikuulize wewe, nikakuuliza. Nilitafsiri kila kinywa kilichokuwamo chumbani, isipokuwa changu.

Benchi zima lilisikia. Alhamisi iliyofuata walikuja wachache, na baadaye akabaki karibu Mwamini peke yake, jirani yenu, kwa sababu tumbo lake lilikuwa kubwa na hakuwa na siri ya kulinda. Bibi Daktari alifunga sanduku akarudi Dar es Salaam na swali lake vile vile alivyokuja nalo. Bomani wakaandika kwamba dresa amepoteza imani ya watu. Watoto wa hapa wanamfuata Hemedi njiani, wanamwita Redio. Wanapiga kelele, Redio, leo kuna habari gani? Naye huwapungia mkono, huendelea kusukuma baiskeli. Mimi nimepishana naye mara nyingi, nimemwamkia, ameniitikia marahaba mwanangu. Mwanangu, dada.

Kama umesoma umesimama, sasa kaa chini.

Yalikuwa mavuno ya mpunga, na Alhamisi moja hukuja. Bibi Daktari alinipa vidonge vyako kwenye karatasi ya buluu, akaniambia nikuletee nyumbani, nikutie mkononi, nisipokukuta nirudi navyo. Nilikuja mbio mbio. Kibarazani nilimkuta mkwe wako, Bibi Mwanahalima, anachagua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimebeba nini kifuani kama mtu aliyeiba yai. Nikasema nimemletea dada Mwanne. Akasema Mwanne yuko kisimani, lete. Akanyosha mkono.

Wewe na mimi tumelelewa pwani hii hii. Mkubwa akikunyoshea mkono humwambii kwamba hiki si chako. Kitu kinachoingia nyumbani, kiwe samaki, chumvi au salamu, hupita kwa mkubwa wa nyumba kwanza, naye ndiye agawaye. Mtoto amrukaye mkubwa akampa mdogo atasemwa, na mama yake atasemwa zaidi. Sharti la Bibi Daktari lilikuwa kichwani mwangu kwa Kiingereza. Mkono wa Bibi Mwanahalima ulikuwa mbele ya uso wangu, una vumbi la mchele, unangoja. Ningeweza kusema hapana bibi, nimeagizwa. Maneno matatu. Nilipiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

Akaitazama ile karatasi. Mwamini alikuwa akirudi na ya namna ile ile kila Alhamisi, akipita mbele ya kibaraza hicho hicho na tumbo lake la miezi saba. Bibi hakuhitaji kuuliza ni ya nini. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akanisifu kwamba mtoto wa mwalimu ana adabu, si kama hawa wasichana wengine waliosoma. Akaingia ndani akanitolea maandazi mawili. Nikayala njiani. Niliyala kwa raha zote, kwa sababu nilikuwa nimesifiwa. Nilipofika kwenye daraja la magogo nikajikuta nimesimama, maana ndipo nilipoiona tena ile karatasi ya buluu ikiingia kwenye pindo. Ningeweza kurudi. Ningeweza kukimbia kisimani nikuwahi. Niliteremka mtoni nikanawa mafuta mikononi, nikaenda zangu.

Bibi Daktari aliniuliza kama nimekutia mkononi. Nikamjibu ndiyo, kwa Kiingereza. Lile neno lao ni fupi mno, na halikuniwasha mdomo kama lingeniwasha la kwetu. Siku uliyokuja kumtukana Hemedi, Bibi Daktari aliniuliza tena mbele yako, ukadhani ananiuliza habari nyingine. Nikajibu vile vile.

Hakuna kinywa kilichotoa siri yako, dada. Mkono ndio ulioitoa, na ni huu ninaoandikia.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Bibi Daktari alikuwa amewaandikia wakubwa wa uuguzi habari zangu, na baba alikuwa ametangaza kanisani kana kwamba nimekwisha vaa sare. Majibu yamekuja mwezi uliopita, nimekubaliwa. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Na wakati wote huo ulikuwa bado huna damu ya kutosha, na bado huna vidonge. Sijui Bibi Mwanahalima aliviweka wapi. Simlaumu yeye, alinyosha mkono kama wakubwa wote wanyoshavyo. Aliposema ameambiwa na wenye zahanati labda alitaka kunisitiri, labda alitaka kuwakomoa, hilo sijui wala silitafuti. Aliyeagizwa ni mimi.

Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa sababu nikiuomba utaona unadaiwa jibu, nawe huna nguvu za kunijibu mimi sasa. Ninakuomba jambo moja. Nenda zahanati, dada, usingoje uchungu. Ukimkuta Hemedi mlangoni, ingia. Mwambie umesoma barua yangu, au usimwambie lolote, mpe tu kidole. Mwulize vidonge vya chuma. Mtu yule alitukanwa na wewe, akacheka na watoto wanaomcheka, akahamishwa, na hata hivyo hakumwambia mtu yeyote ulichokisema ndani ya kile chumba ili ajitetee. Angeweza. Alikuwa ukuta kweli. Chuki yako nipe mimi, ni haki yangu, lakini usiipeleke pale ukaifia.

Kesho nitamwandikia na Bibi Daktari, kwa Kiingereza, na lile neno fupi nitalifuta kwa marefu. Wakinikatalia uuguzi baba ataumia. Basi.

Msalimie mama yako, umwambie pilipili alizoniachia zimeota na nimezipa kivuli. Wabusu wadogo zako. Mtoto akija salama, lile jina tulilokuwa tukitania kwamba atalirithi kwangu, mwachie mwingine mwenye kustahili. Mungu akushike kila saa.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kukutazama,
Petronila binti Lucian

Nilikuwa nimekwisha tia jina. Barua hii nimeiandika tangu tulipotoka kanisani, na kila aliyepita nimeisukuma chini ya kitabu cha sala. Ndiyo maana wino umechafuka huku na huku, usidhani ni machozi, ingawa mengine ni machozi. Sasa nasikia viatu vya baba uani, na nyuma yake cheni ya baiskeli inayolia. Naijua, ni ya Hemedi. Anakuja kuaga. Baba anamwambia pole pole kuna kizingiti.

Mkono wangu umekwisha kwenda kwenye kitabu. Naurudisha. Barua ni yako, yaliyo yako humu hawatayasoma, nitaikunja mbele ya macho yao na wataniona naikunja. Lakini yale yangu ya kukiri, mwenyewe wake mwingine ni Hemedi, naye amefika mlangoni, na hayo nitamwambia kwa kinywa changu, sitampitishia mtu ampelekee. Wamepiga hodi. Nimeitika karibuni, na sauti imetoka.